Mulango Ingine Iko Wapi

...na angeulizwa kitu kingine chochote, umri wa mabati, nyaya zinapita wapi, nani alikata mikaratusi ya nyuma na kwa nini visiki vimeachwa pale vikichipua, Brigitte angejibu bila kumeza mate, maana majibu yote alikuwa nayo tangu juzi, alikuwa akiyafanyia mazoezi hata anapooga, lakini huyu kijana wa bima, Blanchard, na kofia yake ngumu ya manjano asiyoivua hata ndani ya chumba cha kulala cha watu, amesimama katikati ya chumba cha nyuma, akaliangalia dirisha na vyuma vyake, akauangalia mlango walioingilia, akajizungusha polepole, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Mama Brigitte, mutu akikuwa mu hii chumba na moto ianzie ku salon, atatokea wapi? Mulango ingine iko wapi?"... na swali hilo Brigitte analijua, analijua kama anavyoijua Baba Yetu, maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, ni swali la mama yake, la mama Angèle, ambaye saa hii ameketi uani kwenye kiti cha plastiki akichambua maharagwe, na ambaye asubuhi ya leo Brigitte alimpigia magoti, kweli kabisa, mtu mzima mwenye wajukuu alipiga magoti kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki, akamwambia mama, leo tafadhali, leo tu, mgeni akifika usimuulize kitu, mwache afanye kazi yake aende... na mama akaitika, na mama ametimiza, hajatoa neno tangu mgeni aingie, na sasa mgeni mwenyewe ndiye ameuliza.

Alivyoendelea kumkodolea macho, kijana akadhani hajaelewa, akaanza kueleza huku akipima dirisha kwa utepe wake wa chuma, issue de secours, njia ya kuponea, mama, ni sharti mupya, chumba zote za kulala, na Brigitte akawa anasikia nusu na nusu inampita, anasikia kwamba tangu maduka kadhaa ya mjini yaungue kiangazi kilichopita wakubwa wa bima wamekaza kamba, zamani mtu wao alikuwa anasimama getini, anahesabu madirisha kwa macho, anakunywa Fanta yake na kutia sahihi, siku hizi lazima apande darini, afungue kila soketi, anuse jikoni... na kweli alipanda darini, huyu, akatembea juu ya mbao kule kama paka, akashuka na utando wa buibui kwenye nyusi akasema nyaya ni sawa, zimepita vizuri kwenye mirija, jiko la kuni limetengwa na nyumba, sawa, miti imekatwa, sawa, na kila aliposema sawa Brigitte alikuwa anashusha pumzi kidogo kidogo, akibana nyingine kwa ajili ya chumba kinachofuata, na chumba cha mwisho ni hiki, na hivi vyuma vya dirishani, jamani, si ni watu hao hao wa bima waliovipenda, si walisema nyumba isiyo na vyuma haiandikishwi kwa sababu ya wezi, na mji mzima wa Bunia ukajifungia ndani ya vyuma, mafundi wa kulehemu wakanenepa, na sasa ndiyo wamekumbuka kwamba pale asipoingia mwizi hatoki mwenye nyumba pia... lakini hilo hakulisema, angelisemaje, karatasi iko mikononi mwake kijana, na karatasi isipotoka benki haitoi mkopo, mkopo usipotoka Daktari Olivier hanunui nyumba, keshasema mwenyewe, kwa heshima zote, kwamba hawezi kungoja kupita mwisho wa mwezi kwa sababu wanamhamishia kazi huku mjini na watoto wake lazima waanze shule, na Olivier asiponunua, basi, Brigitte atabaki humu.

Atabaki humu, ndani ya nyumba ya vyumba vyote hivi vya watu waliokwisha kuondoka, yeye na mama, na mvua inayoingia upande wa salon, pale sebuleni, hata ukiziba vipi, na ule ukumbi wenye ngazi moja ya kijinga katikati ambapo mama alianguka mwaka jana na kuvunja kifundo cha mguu, na kila msimu kitu kingine, leo mabati, kesho choo, keshokutwa ukuta wa ua umelala, na amechoka, hilo ndilo neno, hana haja ya kulivisha nguo, amechoka kuwa mlinzi wa nyumba ya baba wakati kaka yake Serge anakaa Kinshasa na kupiga simu za ushauri, na kule mtaa wa Mudzipela binti yake Patience amewajengea kijumba kizuri nyuma ya nyumba yake, vyumba viwili na salon, saruji ndani, bomba la maji karibu, wajukuu wanacheza mlangoni, nini tena mtu anataka duniani... na walimpeleka mama akaone, mama akaingia, akasalimia ukuta na dari kama anavyosalimia watu, akasifu, ni muzuri kabisa, mutoto yangu, ni muzuri, akakaa kitandani akakipima kwa matako, akakipenda, halafu akaangalia huku, akaangalia huku, na Brigitte akajua linakuja, akatamani kuziba masikio, na likaja, "Mulango ingine iko wapi?", na Patience akaangalia chini, na mama akachukua kikapu chake, hakugombana, hakununa, akasema tu atalala kwake, na mpaka leo hajaweka hata kanga moja kule.

Kwa hiyo mafundo ni mawili, Brigitte anajiambia huku kijana akiandika vipimo kwenye tableti yake, mafundo mawili na yote mawili yanashikana kwenye chumba hiki, kwenye ukuta huu huu ulio mbele ya pua yake, huu uliopakwa rangi ya krimu wiki iliyopita, uliolainishwa na kung'arishwa mpaka unavutia mkono, kwa sababu mlango mwingine ulikuwepo, Bwana Blanchard, ulikuwepo, uko... ulikuwa hapa nyuma ya kabati, tangu mwaka ule wa vita, na ni mimi niliyeuziba, nilimwita fundi Kamate na matofali na ndoo za saruji nikamwambia ziba, paka, nataka kisionekane kitu, kwa sababu Serge alipiga simu akasema dada, lile tundu, mnunuzi asilione, mtu akiona tundu ukutani atauliza ni la nini, ukimwambia ataanza kuwaza, na nyumba ambayo mtu anaiwaza hainunuliwi, fanya ionekane nyumba ya watu waliolala vizuri siku zote... na yeye Brigitte akakubali haraka mno, wala si kwa sababu ya Serge, tuseme ukweli, alikubali kwa sababu lile tundu alikuwa analionea haya miaka yote, wageni wakilala chumba hiki kabati lilisogezwa vizuri, watoto walikatazwa kulitaja shuleni, na siku Kamate alipolikandika tofali la mwisho na kuanza kupiga mluzi wake wa nyimbo za kwao Butembo, Brigitte alijisikia kama mtu aliyefua shuka lenye doa na doa likatoka... na mama alikuja wakati ule na kikombe cha chai akampa Kamate, akamuuliza nyumbani kwake kuna milango mingapi, Kamate akacheka mpaka chai ikamwagika, na tangu siku hiyo kila asubuhi Brigitte anamkuta mama amesinzia salon kwenye kiti karibu na mlango wa mbele, viatu miguuni, na anajitia hamnazo, anamwambia bonjour mama, chai iko tayari, kana kwamba ni jambo la kawaida mtu kulala na viatu.

Na baba ndiye aliyelitoboa, marehemu baba Augustin na tumbo lake, ambaye matofali ya nyumba hii aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe na alikuwa anayajua karibu kwa majina, siku moja tu habari zilipozidi kuwa mbaya akatoka na nyundo na patasi, akaja hapa, akaanza kuutoboa ukuta wake mwenyewe, na mama akasimama mlangoni mikono kiunoni, mama huyo huyo, ndiyo, akamsema mpaka majirani wakasikia, kwamba ameolewa na panya bila kujua, kwamba chokaa ile aliipaka yeye kwa mikono yake, kwamba wanaume wakiogopa wanaharibu nyumba badala ya kusali, na baba hakujibu, akaendelea kugonga, akaweka ubao juu ili ukuta usiporomoke, akatengeneza kifuniko cha mbao, akasogeza kabati, akawaita wote, akawaonyesha, unasukuma hivi, unainama hivi, unatokea migombani, na wote walicheka, hata Brigitte alicheka akiwa na Patience mgongoni, kwa sababu baba alipojaribu kupita ili awaonyeshe alikwama kiunoni, nusu chumbani nusu migombani, akaanza kutoa amri kutoka upande ule na sauti yake ikawafikia kama ya mtu aliye kisimani, na mama akalazimika kumsukuma kwa bega, akimwambia haya zaa, baba Serge, zaa, mutoto ni mukubwa... Mungu wangu, walicheka siku ile, alikuwa amesahau kabisa kwamba walicheka. Na ilikuwa wiki hiyo hiyo, mchana kweupe, sufuria ziko motoni, ndipo kelele zikaanza upande wa barabara, na mlango wa mbele ukapigwa, na hakuna aliyecheka tena, hakuna aliyekwama, hata baba hakukwama, Mungu ndiye anajua alipita vipi, wote wakapita, wote, na baba aliyepita mwisho akalivuta kabati kutoka nje kwa kamba aliyokwisha kuifunga kwenye miguu ya kabati hilo, kwa hiyo walioingia walikuta nyumba tupu na chakula kikiungua, na wao wakiwa tayari wamevuka migomba na mtama wa watu, wanafuata wengine kwenye barabara ya kwenda mbali, na Patience hakulia hata mara moja, mtoto yule, kama aliyeambiwa asilie.

Lakini mama Espérance hakutoka. Hapo ndipo mawazo ya Brigitte hukatika kila mara na kugeukia upande mwingine, anawaza chumvi, anawaza nguo za kufua, lakini leo hayakukatika, pengine kwa sababu kijana anagongagonga ukuta na kila pigo linamrudisha, mama Espérance wa nyumba ya nyuma, rafiki wa mama, waliosukana nywele kila Jumamosi na kuazimana kila kitu mpaka chujio, ambaye alipoliona lile tundu hakucheka kama wengine, alimwambia baba, baba Serge, na kwangu utanitobolea lini, na baba akasema wiki kesho, nikimaliza kupaka lami mbao hizi, wiki kesho nakuja, na wiki kesho haikuja, nyumba ya mama Espérance ilikuwa na mlango mmoja na mlango huo ulitazama barabara... na waliporudi, baada ya miezi, wakakuta kwao mabati yamechukuliwa, milango imechukuliwa, hata kabati lile lililowaokoa lilichukuliwa, na kule nyuma hakuna nyumba kabisa, mama alisimama pale ambapo mlango ule ulikuwa, alisimama muda mrefu, hakulia mbele yao, akarudi, akachukua ufagio. Na tangu hapo ndipo swali lilipoanza.

Na lilianzia wapi, hebu akumbuke vizuri, maana siku zote wanasema lilianza kwa sababu mama aliogopa, Serge anasema ni woga, daktari mmoja aliliita jina refu la Kifaransa, mchungaji akasema ni roho ya hofu na akaja na wamama wa maombi, wakamzunguka mama hapa hapa wakaweka mikono juu ya kichwa chake, wakaikemea roho hiyo itoke, itoke, na mama akafumba macho kwa adabu mpaka wakamaliza, akawashukuru wote, akawapa ndizi, kisha akamuuliza mchungaji kanisa lao jipya lina mlango mwingine upande gani... na Brigitte siku ile alitamani ardhi ipasuke, alicheka kwa aibu, alikuwa akijikaza kisabuni akicheka ili wengine wacheke, wote wacheke, liwe kichekesho cha familia, maana kitu kikiwa kichekesho hakiumi sana... lakini ngoja, ngoja kwanza, mchungaji aliulizwa kuhusu kanisa, na mama hakuwa anaenda kulala kanisani. Na kule hospitali ya Nyankunde, mama alipolazwa na kile kifundo, wauguzi walimwonyesha mlango wa pili wa wodi, upo, mpana kabisa, akauona, akaridhika, na bado alimuuliza mwanamke wa kitanda cha jirani, mwanamke aliyekuja kujifungua kutoka Aveba, nyumbani kwako mulango ingine iko wapi, na yule mwanamke akashangaa akasema hatuna, mama, na mama hakulala siku ile... na kila wanapokwenda kumpongeza mzazi, mtoto mchanga anapitishwa mkono kwa mkono, wengine wanauliza ni wa kike au wa kiume, amepewa jina gani, mama anauliza mlango, na harusini kwa watoto wa dada yake anamnong'oneza bibi harusi, naye Kamate alikuwa anaulizwa kuhusu kwake, kwake Kamate, siyo hapa, hapa mama aliona kwa macho yake tundu linazibwa na akaenda kuchemsha chai ya aliyeliziba... na Brigitte akaona kitu ambacho kilikuwa mbele yake miaka ishirini na kitu kama pua yake mwenyewe, kwamba mama hakuwahi kuuliza kwa ajili ya mama. Mama alikuwa anakagua. Mama Angèle, bila kofia ya manjano, bila tableti, bila mshahara wa mtu yeyote, amekagua mji huu nyumba kwa nyumba, kitanda kwa kitanda, anamtafutia mlango kila mama Espérance aliyebaki, na wao wakamwekea mikono kichwani ili aache.

Na ajabu ni kwamba haikumuuma jinsi alivyotarajia, alingoja imuume, akasimama tayari, na badala yake kitu kifuani kikafunguka, kikafunguka kabisa, akajisikia mwepesi, akajisikia kama siku ile alipotua kuni kichwani baada ya njia nzima na shingo ikawa haiamini... mama haumwi, mama hajawahi kuumwa, hakuna roho ya kutoa, hakuna jina refu la Kifaransa, kuna mwanamke anayejua jambo moja na analisema, na leo wakubwa wa bima, wenye ofisi na mihuri, wameketi mahali fulani wamefikiri, wamekuna vichwa, na wamefika pale pale, wamechelewa lakini wamefika... na machozi na kicheko vikamjia pamoja, havikujua kipi kitangulie, na Blanchard akaacha kugonga akamtazama kwa wasiwasi, akasema taratibu, kijana mwenye adabu, kwamba asisikitike, mama, yeye hapendi kuandika hapana, lakini kama hakuna mahali pa kutokea hawezi...

"Iko," Brigitte akasema. "Iko nyuma ya hii rangi. Ni mimi niliifunga."

Akalisema, na dari haikuanguka. Kijana akauliza kama kulikuwa na ubao juu au walitoboa ovyo, akamwambia kulikuwa na ubao, na upo bado, kwa sababu Kamate alisema kuutoa ni kazi nyingine na hakulipwa kwa kazi mbili, Mungu ambariki Kamate kwa uvivu wake, na kijana akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike, akasema basi si shida, mama, hiyo si shida hata kidogo, wafungue, wapanue kidogo mtu apite bila kuinama, waweke mlango wa chuma unaofunguka kwenda nje, komeo ndani, usiwe wa funguo, mtu asianze kutafuta funguo kwenye moshi, wampelekee picha, picha ikimfikia anatia sahihi siku hiyo hiyo... siku hiyo hiyo, na Brigitte akasikia mlolongo wote ukirudi nyuma kwa furaha, sahihi, benki, Olivier na watoto wake wanakimbia ukumbini, naye kule Mudzipela, na kule pia, ndiyo, kule kabla ya yote, Kamate akitoka hapa na nyundo yake aende moja kwa moja kwa Patience, atoboe ukuta mpya wa saruji, Patience atapiga kelele kama mama alivyopiga, na apige, atazoea, na Serge akipiga simu kuuliza mnunuzi ameona nini atamwambia ameonyeshwa mlango mzuri sana, uliotumika ukafanya kazi, na akitaka kujua zaidi aje mwenyewe na ndege yake.

Lakini tundu lenyewe lilianzia wapi hasa, kijana anataka kutia alama, na ukuta wote ni krimu, Kamate alipaka vizuri mno, Brigitte akaweka mkono hapa, akauhamisha, hapana, lilikuwa kulia zaidi, au chini ya picha ya Yesu, na kabati walilonunua baadaye nalo limekwisha kuhamishiwa kwa Patience, na ghafla akajua hata hapaswi kubahatisha, akaenda dirishani, akaweka uso kwenye vyuma.

"Mama. Kuya huku kidogo. Huyu mugeni iko na ulizo, na siye hatujue kuijibu."

Mama akasema kutoka uani kwamba yeye ameambiwa asiongee, na Brigitte akamwambia hapana, mama, aongee, aongee anavyotaka, na wakasikia kiti cha plastiki kikilia, kisha kandambili ukumbini, polepole, zinasikika, hazisikiki, akipanda ile ngazi ya kijinga kwa kushika ukuta, na akaingia, mfupi kuliko Brigitte alivyomzoea, maganda ya maharagwe yamemng'ang'ania kanga, na Blanchard akavua kofia, ndiyo, kwa huyu aliivua, akaishika kifuani, akalirudia swali lake kama mtu anayemuuliza mwalimu, mulango ingine iko wapi, mama... na mama Angèle akamtazama. Alimtazama sana. Miaka yote hiyo ameuliza watu wote na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye, na mama hakuulizia rangi, hakumtazama binti yake kwa lawama, alinyoosha mkono bila hata kuangalia akauweka ukutani, sehemu moja, chini kidogo ya kiuno, akasema hapa, na kijana akapiga magoti akachora mstari kwa penseli kuzunguka kiganja, akisema asante, mama, asante sana, hiyo ndiyo nilikuwa natafuta, na Brigitte akaangalia mkono ule uliotulia kwenye krimu na moyo wake ukatulia nao, hakuna kilichobadilika chumbani, dirisha lile lile, vyuma vile vile, kijana yule yule na utepe wake, ila kwamba hakuna tena kitu cha kuficha.

Mama hakuondoa mkono. Alikuwa anamwangalia kijana kichwani, pale nywele zilipobanwa na kofia, akamuuliza ametoka wapi, akasema Goma, akamuuliza hapa Bunia analala wapi, akasema hotelini, mama, chumba kidogo cha juu, na Brigitte safari hii hakuangalia chini, hakukohoa, hakuandaa kicheko, alisimama karibu na mama yake bega kwa bega na kusubiri.

"Na hiyo chumba yako iko na mulango ngapi?"

"Moja tu, mama."

"Moja," mama akasema, akatikisa kichwa kwa huruma, akamsogelea kidogo. "Na unalalaka usingizi?"